Mazishi ya Mstari Mmoja

Watu wengi wa mtaa wetu hapa Nyegezi wanaamini niliachishwa kazi mahali fulani na kwamba mke wangu ananifichia aibu. Siwalaumu. Mwanaume anayekaribia hamsini, anayeonekana nje mara mbili kwa wiki, mara zote akiwa na kandambili na kikombe mkononi, utamwelezaje? Nilijaribu siku moja kumweleza jirani yangu wa upande wa juu, fundi magari mstaafu, kwamba mimi ni mwandishi wa riwaya. Akaniuliza ya gazeti gani. Nikamwambia ni kitabu. Akauliza kama kimeisha. Nikasema cha kwanza kiliisha, cha pili bado. Akatikisa kichwa kwa huruma, na tangu siku hiyo ananisalimia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia wodini.

Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili ilipita miaka sita. Ningependa kusema nilikuwa natafakari. Kwa kweli nilikuwa nahamisha meza. Niliandikia sebuleni, nikahamia chumba cha watoto walipoanza shule ya bweni, nikahamia barazani, ambako kunaonekana kipande cha ziwa kati ya matangi mawili ya maji ya majirani, nikarudi sebuleni kwa sababu kipande cha ziwa kilinichukulia muda. Nilijifunza kutengeneza pampu. Nilimwandikia kila aliyeniomba risala ya mahafali au ya kumuaga mwalimu mkuu, na nilizifanyia kazi risala hizo kwa bidii ambayo mhariri wangu angelia kuiona. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na Kiswahili nilipata C. Mhariri analijua hilo kwa sababu nilimwambia mwenyewe, nikidhani ni utani mzuri. Amenikumbusha hilo mara mbili.

Mhariri huyo yuko Dar es Salaam, kwenye kampuni iliyochapisha kitabu changu cha kwanza. Ni mwanamke mpole, na upole wake ndio unaonitisha. Mwezi wa nane alinipigia akanieleza mambo yalivyo bila kuzunguka. Kwenye vitabu vyao vya mwaka unaofuata kulikuwa na nafasi ya riwaya moja tu. Alikuwa amenishikia nafasi hiyo kwa mwaka wa pili, na sasa kulikuwa na kijana mmoja ambaye muswada wake tayari uko mezani. Wangu ukifika Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tisa, kabla ya saa sita mchana, nafasi ni yangu. Usipofika, ni ya kijana.

“Kaka, safari hii sitaweza kukutetea,” alisema.

Nilimjibu kwamba imebaki sura moja. Ilikuwa kweli. Nilichoacha kusema ni kwamba sura hiyo moja ilikuwa imebaki tangu mwaka jana.

Riwaya yenyewe ilimhusu bibi mmoja anayeanika dagaa kwenye mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga na samaki wanaposhushwa. Kazi yake ya pili ilikuwa kutukana wavuvi. Aliwatukana kila siku wakirudi na kila siku wakiondoka, na wao walikuwa wamezoea kiasi kwamba mtumbwi ambao haujatukanwa ulikuwa unaona uzito kuingia majini. Nilimpenda sana bibi huyu. Tatizo lilikuwa kwamba hakuwa na mpango wa kunyamaza, na mimi sikujua jinsi ya kumaliza kitabu ambacho mwenyewe bado anaongea. Nikamuua. Nilimpa homa ya siku mbili, akafa kwenye ukurasa wa tatu wa sura ya mwisho, na baada ya hapo nikaandika mstari huu, ambao siku ile niliuona wa kitaalamu: “Wakamzika Jumatano, watu wakatawanyika.” Nikapiga mstari chini. Nikaenda kuchemsha chai.

Hapo inabidi nieleze ninavyofanya kazi, kwa maana ndipo mambo yalipoharibikia. Mimi naandika kwa kalamu ya wino kwenye kaunta buku, zile kubwa za kurasa nyingi. Kompyuta ninayo lakini tukikaa pamoja naishia kusoma habari za mpira. Kaunta buku ikijaa, mke wangu huiweka kwenye mkoba wake asubuhi, kati ya mkasi na kitambaa cha mteja, maana yeye ni fundi cherehani na kibanda chake kiko mjini. Njiani hushuka Mkuyuni na kuiacha kwenye steshenari ya mwanamke mmoja anayechapa kazi za watu: barua za maombi ya kazi, mialiko ya harusi, taarifa za wanafunzi wa chuo. Huyo ndiye aliyechapa riwaya yangu yote ya pili, kaunta buku baada ya kaunta buku. Katika muda wote huo nilikuwa nimeonana naye mara tatu.

Lakini tulikuwa tunajuana. Kaunta buku zilirudi na maneno ya penseli pembeni. “Mtani, huyu sura ya pili alikuwa na kaka wawili, hapa watatu. Huyu mwingine kazaliwa lini?” Au: “Ng’ombe wamezidi. Hiki ni kitabu au zizi?” Mahali nilipoeleza machweo kwa nusu ukurasa aliandika, “Tumeona. Endelea.” Yeye ni Mgogo na mimi ni Msukuma, yaani watani tangu enzi za mababu ambao hakuna kati yetu aliyewaona, kwa hiyo ana haki ya kuniambia chochote, na mimi nina haki ya kumwambia chochote, na hakuna mwenye haki ya kukasirika. Haki yangu niliitumia kwa kumwandikia kwamba mtu aliyelelewa kwa mlenda asiguse machweo ya ziwa, kwao hata dimbwi ni habari. Na mimi nilidhani tuko sawa kwa sawa.

Kaunta buku ya mwisho iliondoka Jumatatu asubuhi. Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Sura haikuwa ndefu. Angeimaliza siku hiyohiyo. Jioni mke wangu alirudi mikono mitupu, akaniambia kwamba mchapaji amekataa kuchapa. Nikauliza ana kazi nyingi? Hapana. Umeme? Upo. Amesema kuna msiba na mwenye msiba hajaonekana.

Nikampigia. Alipokea kwa kilio, kile cha kweli kabisa cha kuingilia msibani, kinachoanza juu na kushuka kwa ngazi. Nyuma yake nilisikia mashine ya fotokopi ikiendelea na kazi. Nikacheka, nikamwambia mtani, mzaha ni mzuri lakini nina tarehe. Akaniambia tarehe ya nini, ya mazishi? Akakata simu.

Jumanne nilisubiri kwa heshima. Jumatano nilisubiri bila heshima. Mke wangu alipita kwake asubuhi na jioni, na jioni alirudi na ujumbe kamili: kaunta buku iko salama, iko chini ya mto wa kiti anachokalia, na haitatoka hapo mpaka mfiwa aende mwenyewe. Mke wangu aliutoa ujumbe huo akiwa anavua viatu na sikuona kama alikuwa ananihurumia hata kidogo.

“Nenda,” aliniambia. “Au unaogopa kuonwa na jua?”

Nilimwambia huyu mwanamke atanipotezea kitabu. Mke wangu akanikumbusha mazishi ya baba yangu.

Baba tulimzika kwao, Misungwi. Kuna familia moja ya Kigogo ilihamia pale zamani, na wao, pamoja na wajukuu wa marehemu, ambao kwetu nao ni watani, ndio waliotawala msiba ule. Wakati jeneza linafika, mzee mmoja wa Kigogo alikuwa ameshashuka kaburini, amekaa mle kwenye udongo ameweka majembe yote mapajani, anasema hapa hazikwi mtu mpaka aelezwe redio ya marehemu imeachiwa nani. Mwenzake alikuwa amevaa koti na kofia ya baba. Akawa anatembea kati ya waombolezaji vilevile kama baba, akipinda goti la kushoto, akiwauliza vijana, kwa sauti ya baba, kama wamewanywesha ng’ombe. Mama yangu, ambaye tangu jana yake hakuwa ametamka neno, alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga, na ndani ya kanga kicheko kikageuka kilio, na ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. Watani walipewa jogoo, mzee akapanda juu, majembe yakatoka. Kaka yangu mkubwa alitaka kukasirika. Wazee walimtazama tu, akaacha.

Kwa hiyo nilijua kabisa kilichonipata. Mtu amekaa kaburini na majembe yangu.

Alhamisi asubuhi nilivaa viatu. Jirani yangu fundi magari alikuwa getini kwake. Aliviangalia viatu, akaniuliza kwa sauti ile ya wodini kama kuna usalama. Nikamjibu nakwenda msibani Mkuyuni. Akauliza nani tena? Nikasema bibi mmoja alikuwa anaanika dagaa. Akanipa pole, akavua kofia. Sikuona sababu ya kuendelea na maelezo. Mkononi nilikuwa na mfuko wa michembe, viazi vyetu vilivyokaushwa, kwa sababu nilijua mtani haendewi kwa mikono mitupu, na kwa sababu kila Mgogo anaamini ndiyo chakula pekee tunachokijua.

Steshenari ni chumba kimoja chembamba. Mbele kuna kaunta yenye bahasha na kalamu, nyuma kuna kompyuta, fotokopi, na pazia la bluu la kupigia picha za pasipoti. Mchapaji alikuwa amejifunga kanga kiunoni na nyingine begani, ameketi juu ya kaunta buku yangu. Ni mwanamke mnene wa umri wangu, mwenye miwani inayoning’inia kwa kamba. Kwenye benchi kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kutoa kopi za vyeti. Bila shaka alikuwa ameshaelezwa kila kitu, kwa sababu nilipoingia alisogea akanipa nafasi ya mfiwa.

Nilimpa michembe. Aliinusa, akasema hata msibani, hata msibani. Kisha akaniambia nikae, akachukua ufagio wa chelewa uliokuwa kwenye kona, akainama, mkono mmoja ukashika kiuno, na mbele yangu akaanza kufagia turubai la dagaa ambalo halikuwepo.

Nimeishi na bibi yule miaka sita. Nilikuwa najua rangi ya meno yake. Lakini sikuwahi kumwona akitembea, na sasa nilimwona, anaburuta nyayo ili asikanyage dagaa, shingo imetangulia. Alimtukana kwa kuchelewa nahodha mmoja ambaye hakuwepo. Alimtukana mwingine kwa kuwahi. Yule mama wa vyeti alimwuliza bibi bei ya dagaa leo, naye akajibiwa kwamba kwa sura ile aliyokuja nayo hauziwi, arudi kesho na nyingine. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa kwenye kitabu changu, na yote yalikuwa ya bibi. Nilicheka kama yule mama. Halafu akaacha kufagia, akaja kusimama mbele yangu, bado ameinama, akanitazama kutokea chini.

“Mwandishi,” alisema, kwa sauti ya bibi. “Mimi nimekula jua la mwalo miaka yote hii, nimezika waume wawili, leo unaniambia nimekufa kwa homa ya siku mbili. Sema ukweli, watu wasikie. Nimekufa kwa homa, au nimekufa kwa Ijumaa?”

Mama wa vyeti aliacha kucheka, akanigeukia kusubiri jibu.

Nilisema kitu kuhusu muundo wa riwaya. Nasikia aibu hata kuandika hapa kwamba nilitumia neno muundo.

Mchapaji akanyooka mgongo, akawa yeye tena. Aliinua mto wa kiti, akatoa kaunta buku, akaipangusa na kanga, akanipa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa ya biashara kwamba mzaha umekwisha na kazi ni yangu. Kufa, alisema, anaelewa, watu wanakufa. Lakini mtu aliyetukana mwalo mzima huwezi kumzika kwa mstari mmoja, tena bila mtani hata mmoja. Hao wavuvi wote walikuwa wapi Jumatano hiyo? Akavaa miwani.

“Nikuchapie kama ulivyoandika?” aliuliza. “Dakika ishirini. Leo hii Dar es Salaam wanayo kwa barua pepe.”

Ilikuwa saa nne asubuhi, Alhamisi. Nilikuwa na muda wa kuchapa sura ile mara ishirini na kuituma, nirudi nyumbani nivue viatu. Nafasi ilikuwa yangu. Niliufungua ukurasa wenye ule mstari wa kitaalamu nikausoma tena, na bahati mbaya niliusoma kwa sauti ya bibi. Nikamwomba mchapaji kalamu. Yangu, kwa kuwa nilikuwa nimekuja kudai kazi iliyokwisha, nilikuwa nimeiacha nyumbani.

Niliandika pale pale, kwenye meza ya kulaminishia vyeti, nyuma ya pazia la picha za pasipoti. Kila aliyekuja kupigwa picha ilibidi nisogee. Nikimaliza ukurasa naung’oa, nampa, anachapa, na vidole vikisimama nilijua kuna maneno yanakuja. Mara moja aliniuliza kwa nini mtani wa kitabuni anaongea kama afisa mtendaji. Mara nyingine alisimama akafanya tena ile shingo, nikafuta aya nzima. Kwenye sura mpya wavuvi hawakutawanyika. Walikuja na makasia, wakaziba njia ya makaburini, wakasema bibi haendi popote kwa sababu leo hajawatukana, na mdogo wao kuliko wote akajifunga kanga ya marehemu, akaanza kuwatukana kwa niaba yake, mmoja mmoja, kwa majina na kwa makosa. Kila aliyetukanwa alipata namna ya kulia. Sikuwa nimepanga hivyo. Nilikuwa nafuata tu.

Ijumaa nilivaa viatu kwa siku ya pili mfululizo. Jirani yangu aliniuliza kama bado hatujazika. Nikasema bado.

Saa tano na nusu tulikuwa bado njiani kwenda kaburini, na watu wengine walikuwa hawajatukanwa. Nikatoka nje ya steshenari nikampigia mhariri. Nilimweleza kwamba muswada hautafika saa sita, utafika Jumatatu, na kwamba ningeweza kumtumia mwisho mwingine sasa hivi lakini mwisho huo si kweli. Akaniuliza nina uhakika? Nikasema sina, lakini ndivyo ninavyofanya. Akasema sawa kaka, kwa upole uleule, akanitakia mchana mwema. Nilibaki nimeshika simu kando ya muuza nyanya, nikasubiri nijisikie vibaya. Hisia hiyo ilikuja Jumapili.

Tulimzika bibi Jumamosi jioni, kwa kurasa kumi na tisa. Mchapaji alipiga nukta ya mwisho, akapiga chapa, akazipanga kurasa kwa kuzigongagonga mezani. Hakusema ni nzuri. Alisema nimesahau kuwapa watani jogoo. Nikaongeza jogoo.

Jumatatu mhariri alipokea. Jumatano alinijibu kwa maneno machache: nafasi ya mwakani imeshakwenda kwa kijana, sura ya mwisho ameisoma mara mbili, kitabu changu ataking’ang’ania kwa mwaka unaofuata lakini haahidi. Niliisoma barua pepe hiyo barazani, nikaisoma na sebuleni, haikubadilika. Kwa hiyo kwa mwaka mwingine mzima mimi ni mtu aliyeachishwa kazi mahali fulani. Kandambili zangu zipo, kikombe kipo.

Mke wangu alipopita Mkuyuni alimpa mchapaji habari hizo, kwa sababu naye sasa ni mfiwa, na mfiwa lazima aarifiwe. Alirudi jioni na kaunta buku mpya, ambayo hakuna aliyeiagiza, na juu ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na maneno ya penseli: “Mtani, afadhali. Hata arobaini haijafika, ulikuwa unamkimbiza bibi wa watu Dar es Salaam akafanye nini?”

Nimetafuta jibu siku kadhaa sasa, nimeandika mengi na kuyafuta, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu naandika kila asubuhi. Sijamtumia hata moja. Nimeamua kutulia. Wagogo nao wanakufa, na siku ikifika nitavaa viatu, nitafika mapema, nitakuwa nimekaa mle chini na majembe yote.